Mdomo wa Kamongo, Sauti ya Pongo

Sehemu ya Tisa

"Hapo hapo! Simama!"

Mzee Rwegasira hakuhitaji kipaza sauti. Alinyanyua fimbo yake tu, na shangwe yote iliyojaa nyumbani kwake Nyakasimbi ikakatika. Vigeligeli vikafia midomoni. Aliyekuwa anamimina pombe ya rubisi akaacha kumimina, kata ikabaki hewani.

Msomaji wangu, kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujamaliza kusoma, sogea karibu, hujachelewa. Yule kijana aliyesimama katikati ya uwanja, kanzu nyeupe na koti jeusi, mkuki mkono wa kulia, kipaza sauti mkono wa kushoto, ni Dastan, mwalimu wa Kemia kule Kaisho. Amekuja kumchukua Ainembabazi, binti wa Mzee Rwegasira. Na hapa kijana hapewi binti hivi hivi. Lazima asimame mbele ya baba mkwe na kwebuga: ajisifu kwa Kinyambo, ataje ukoo wake na ushujaa wake, huku mkuki unatetemeka mkononi na watu wanaitikia.

Sasa Dastan amekulia Dodoma. Kinyambo chake ni cha salamu na chakula. Na mwezi uliopita tu, bwana harusi mmoja alikwama katikati ya kwebuga, akasema "samahani naanza upya", na klipu yake ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Bukoba mjini. Mpaka leo akipita sokoni watoto humwambia, "Samahani, anza upya!"

Dastan akaapa kwamba yeye hatachekwa. Baba yake mdogo, Jovitus, ambaye ndiye mshenga, akampatia dawa. Alimtafuta bingwa wa kwebuga, sauti yake ikarekodiwa studio, ikatiwa kwenye mashine ya DJ, na kile kipaza sauti cha Dastan kikazimwa. Kazi ya kijana ilikuwa kutikisa mkuki na kuchezesha mdomo. Kwa wiki mbili alifanya mazoezi mbele ya kioo, mdomo unafuata maneno asiyoyajua maana.

Na mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri sana, mpaka sauti ile ilipotaja ukoo.

"Rudia hapo, kijana," alisema Mzee Rwegasira. "Umesema wewe muziro wako ni mnyama gani?"

Muziro ni yule mnyama ambaye ukoo wako haumli, vizazi na vizazi. Ndiyo kitambulisho. Watu wa muziro mmoja ni damu moja, na damu moja haioani, hata mkutane mmoja katoka Kyerwa na mwingine katoka mwezini.

Dastan aliangalia watu, watu wakamwangalia. Akageuka kwa Jovitus.

"Baba mdogo," alinong'ona, "nimesema nini?"

Jovitus alikuwa ametoa leso, anajifuta jasho shingoni.

"Umesema wewe ni wa pongo."

"Si sisi ni wa kamongo, yule samaki wa matopeni?"

"Ndiyo."

"Na wa pongo ni akina nani?"

"Hawa," alisema Jovitus, akionyesha kwa kidevu ukoo mzima wa Mzee Rwegasira, kuanzia wazee waliokaa mbele mpaka wanawake waliokuwa jikoni.



"Yule Cleophace uliyemrekodi amenitaja pongo kwa nini?"

"Kwa sababu yeye ni wa pongo! Aliniambia mtu hajisifu kwa mnyama wa mwenzake, hata umpe nini. Akataja wake. Nikamwambia kijana wa studio akate pale. Kumbe amekata pengine. Ametoka Mwanza yule, Kinyambo atakijulia wapi?"

"Na wewe hukuisikiliza?"

"Niliisikiliza mwanzo," alisema Jovitus. "Mwanzo ulikuwa mzuri sana."

Haya. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Lakini hawakutuambia habari za mdomo unaoponzwa na mdomo wa mtu mwingine.

"Jovitus!" Mzee Rwegasira aliita. "Acheni kunong'onezana kama mnaiba kuku. Ulipokuja kuposa uliniambia ninyi ni watu wa kamongo. Leo kijana mwenyewe, ameshika mkuki, mbele ya Mungu na mbele ya kamera, ametamka kwamba ni wa pongo. Mtu akishika mkuki hasemi uongo. Nimwamini nani, mshenga au mwenye ukoo?"

Jovitus alikohoa. Tabasamu lake la mshenga, lile lililowapatia wake vijana wengi wa kwao Nyakatuntu, likarudi usoni. Akamwinamia Dastan sikioni kwa mara ya mwisho.

"Sikiliza. Nitasema una damu ya pongo. Tutaondoka hapa kwa heshima, hakuna atakayecheka. Watu watasema ni mambo ya koo, bahati mbaya. Mke utapata mwingine, wasichana wamejaa. Lakini ukisema ni mashine, mwanangu, klipu yako itafika Dodoma kabla hatujapanda gari."

"Na Aine?"

"Aine atakuwa dada yako. Unamsalimia, unaendelea na maisha."

Kabla Dastan hajafungua mdomo, Jovitus alikwisha pita mbele, mikono kifuani.

"Mzee wangu, waitu, shikamoo tena. Mambo ya damu ni marefu. Kijana huyu alipokuwa mtoto alichukuliwa na mzee mmoja wa pongo kule Dodoma, akamlea, akampa muziro wake. Sisi tulidhani amekwisha sahau. Kumbe damu ya malezi haisahau!"

"Ala!" walisema watu.

Ndipo aliponyanyuka Bibi Placidia, mama yake Mzee Rwegasira. Alikuwa na miaka yake ya kutosha, na magoti hayakumpenda, lakini alivuka ule uwanja kama msichana anayekwenda dukani.

"Kama ni wa pongo, basi ni mjukuu wangu!" alisema. "Njoo hapa, mwana wange! Umekonda! Dodoma hawakukupa ndizi?"

Akamkumbatia. Dastan, mkuki mkononi, akakumbatiwa. Wajukuu wengine wakaanza kuja kumpa mkono. "Karibu nyumbani, kaka." "Karibu sana, kaka." Binamu mmoja wa Aine, aliyekuwa akirusha sherehe moja kwa moja kwa ndugu walio nje, alimsogezea simu usoni akasema, "Salimia shangazi zako walioko Kampala!"

Dastan akawapungia. Angefanya nini? Alikuja kuchukua mke, sasa amepata bibi, kaka saba na shangazi wa Kampala.

Mshenga alishusha pumzi. Mzee Rwegasira alikuna ndevu. Ingeishia hapo, wasomaji wangu, tena kwa amani, kama pale uwanjani asingekuwapo Shangazi Evangelina.

Mwanamke huyu ni dada yake Mzee Rwegasira. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe, ndiye aliyechagua rangi za vitambaa, ndiye aliyewapanga wageni weusi na weupe ili picha itoke sawa. Jambo lisilo kwenye ratiba yake humwasha mwili mzima. Na tangu mwanzo alikuwa amemkazia Dastan macho, kwa sababu wakati fimbo iliponyanyuliwa mdomo wa kijana ulifumba, na sauti ikaendelea kwa neno moja zaidi. Wengine hawakuona. Yeye aliona.

"Kaka, mimi nina swali moja dogo," alisema. "Jovitus ni wa kamongo. Marehemu ndugu yake, baba wa kijana, tulimfahamu, alikuwa wa kamongo. Muziro haupewi kama koti la mtumba, eti nimekulea, vaa. Mtoto hufuata baba. Sasa kama kijana ni wa pongo, mama yake yuko wapi aje atueleze vizuri?"

Lo! Uwanja mzima ulivuta pumzi.

Mama Dastan alikuwa amekaa mstari wa tatu, gauni jipya, kilemba kirefu kuliko cha mtu yeyote. Ni mwanamama wa kwaya ya Kilutheri, anayeongoza sauti ya kwanza, asiyekosa ibada hata mvua inyeshe mawe. Alisimama polepole. Kilemba kilisimama naye.

"Nieleze nini?" aliuliza.

"Wewe eleza tu," alisema Evangelina.

"Dastan!" Mama yake hakumtazama Evangelina hata kidogo. "Dastan mwanangu! Mimi nimeolewa kanisani na baba yako, nikamzika kanisani. Leo naulizwa mbele za watu baba yako ni nani. Unasemaje?"

Dastan alifungua mdomo. Hakukutoka kitu. Wiki mbili alikuwa ameuzoesha mdomo ule kwenda bila sauti, na sasa ulikuwa umeshika mazoea.

Hapo mlango wa nyumba kubwa ukafunguka kwa kishindo.

Bibi harusi hatoki mpaka aitwe. Kila mtu anajua. Akitoka, hutoka taratibu, kafunikwa, shangazi huyu na shangazi yule, nyimbo mbele na nyimbo nyuma. Ainembabazi alitoka mbio, peku, kashika gauni magotini. Na mpambaji wake alikuwa hajamaliza: jicho moja lilikuwa limepakwa dhahabu, kope kama ufagio, nyusi imechorwa kwa rula. Jicho la pili lilikuwa jicho lake tu la siku zote.

"Mungu wangu, picha!" alilia Evangelina. "Zimeni kamera! Mfunikeni huyo mtoto!"

"Shangazi, niache." Aine alisimama mbele ya Dastan, anahema. "Huko ndani wananiambia nimepata kaka. Dastan, niangalie. Wewe ni kaka yangu?"

Dastan alimwangalia. Aliangalia jicho la dhahabu, kisha akaangalia lile jingine, na akaona kwamba hilo jingine ndilo alilolipenda tangu siku ya kwanza pale kwenye duka la dawa Kaisho, Aine alipomuuzia vidonge vya kichwa na kumwambia anywe maji aache kulalamika. Atachekwa. Klipu itakwenda Bukoba, itakwenda Dodoma, itakwenda Kampala kwa shangazi zake wapya. Wanafunzi wake watamwigiza ubaoni. Na asiposema, huyu hapa anaondoka naye hatamwona tena ila kwenye misiba na ubatizo, akimwita "kaka".

"Hapana," alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Hapana! Mimi si kaka yako. Si kaka wa mtu yeyote hapa, mnisamehe, Bibi." Akageuka kwa Mzee Rwegasira, akapiga goti moja chini, kanzu ikaingia kwenye nyasi zenye umande wa rubisi. "Baba, shikamoo. Sauti mliyoisikia siyo yangu."



"Imetoka kwenye mdomo wako," alisema mzee.

"Imetoka kwenye spika, baba. Imerekodiwa. Mimi nilikuwa nachezesha mdomo tu. Kipaza sauti hiki hata hakijawashwa." Akakigonga kwa kidole: kimya. "Mwenye sauti ndiye wa pongo. Mimi ni wa kamongo, baba yangu alikuwa wa kamongo, na mama yangu hana kosa lolote. Mwongo ni mimi."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha mtu mmoja nyuma kabisa, karibu na mapipa ya pombe, alifanya "Kh!" Halafu wawili. Halafu uwanja mzima ukapasuka. Wazee waliegemeana. Akina mama jikoni walitoka na miiko yao kuuliza kulikoni, wakaelezwa, wakacheka wakakaa chini. Jovitus aliangalia miti ya mbali kana kwamba hajawahi kumwona kijana huyu maishani.

"Tapeli!" Evangelina alipaza sauti juu ya vicheko. "Nilijua! Niliona kwa macho yangu! Kaka, huyu ametufanyia maigizo nyumbani kwako. Mtu gani anakuja kuoa na sauti ya kuazima? Kesho atakuja na miguu ya kuazima? Aibu! Sisi tumeandaa kila kitu cha kweli, kila kitu cha halali, yeye analeta mashine! Mfukuze!"

"Mfukuze" ile iliwanyamazisha watu. Kicheko kilikwisha kama kilivyoanza. Sasa wote walimwangalia Mzee Rwegasira, na Dastan, goti chini, alimwangalia pia. Aine alikuwa ameuma kidole.

Mzee alizunguka meza. Akaja akasimama juu ya Dastan.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa kuchekwa, baba. Kinyambo sikijui vizuri. Ushujaa sina. Nikaona nikisimama na sauti yangu hii, mtaniona mdogo, na binti yako atanionea aibu kwenye video."

"Sasa je, umechekwa?"

"Nimechekwa."

"Umekufa?"

Dastan alijipapasa kidogo. "Bado, baba."

"Basi simama." Mzee alimnyanyua kwa kola ya koti. "Mimi siozeshi binti yangu kwa spika. Shika mkuki. Tupa hicho kidude. Utajisifu hapa hapa, kwa koo lako mwenyewe, kwa lugha utakayoiweza. Ukinipendeza nakupa. Usiponipendeza, gari lenu mnalijua lilipo."

"Kaka!" alisema Evangelina.

"Evangelina, kaa."

Alikaa.

Dastan alikitupa kipaza sauti kwenye nyasi. Alinyanyua mkuki, akaanza kwa Kinyambo. Maneno matatu yakaisha. Akatafuta la nne, halikuja, akaona mdomo wa mtu mmoja mbele unajiandaa kusema "anza upya". Basi akaacha kutafuta. Akarukia Kiswahili kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kama anayo, sauti ya kunyamazisha kidato cha pili baada ya chakula cha mchana.

"Mimi ndiye Dastan wa kamongo! Kamongo simli, hata mnifunge kamba!"

"Eee!" waliitikia wachache.

"Mimi ndiye niliyerudi kutoka Dodoma, nikapanda mgomba wangu wa kwanza, nikaupanda kichwa chini mizizi juu!"

"Na ukaota!" alipiga kelele mama yake kutoka mstari wa tatu. Kilemba kilikuwa kimelala upande, hajali.

"Ukaota! Mimi ndiye niliyekuja hapa mara ya kwanza kwa kujificha, kumwona binti wa watu! Fahali wa mzee huyu akanikimbiza, nikaparamia mbuni wa kahawa, mbuni ukakatika, nikakimbia na tawi mkononi!"

"Kumbe ni wewe!" Mzee Rwegasira alisahau fimbo yake. "Mwaka mzima nawalaumu mbuzi wa jirani!"

"Eee!" Uwanja uliitikia wote, kwa machozi ya kicheko. Jirani mwenyewe alisimama akadai aombwe radhi.

Mkuki wa Dastan sasa ulikuwa unatikisika wenyewe. Alizunguka, akapiga miguu chini, kanzu ikapepea.

"Mimi ndiye niliyetoka Kaisho kwa pikipiki siku ya masika, tope mpaka kwenye meno! Nikaanguka, nikanyanyuka, nikaanguka, nikaisukuma! Nikafika kwa Ainembabazi giza linaingia, akaniuliza umefuata nini, nikamwambia nilikuwa napita tu!"

"Alikuwa anapita tu!" Aine aliitikia, akajishika mbavu.

"Mimi ndiye mwoga!" alisema Dastan, na sauti yake ikabadilika, na watu wakaacha kucheka ili wasikie. "Niliogopa mdomo wangu nikaazima wa mtu. Nilitaka nionekane mzuri, karibu nimpoteze huyu, na karibu nimvunjie mama yangu heshima. Lakini nimesema! Leo nimechekwa na Karagwe nzima na Kyerwa nzima, na bado nimesimama hapa, kwa sababu ya binti huyu, na sikimbii! Mimi ndiye Dastan!"

Akauchoma mkuki ardhini mbele ya miguu ya Mzee Rwegasira, kama inavyotakiwa. Ukaingia vibaya, ukalala upande.

Hakuna aliyejali. "Eeeee!" ile ilisikika mpaka barabarani. Bibi Placidia alikuwa amesimama tena, anacheza mabega. "Hata kama si mjukuu," alisema, "mimi namchukua."

Mzee Rwegasira alikuwa amekunja uso, na uso ule ulikuwa unafanya kazi kubwa ya kuzuia jambo. Hatimaye ulishindwa. Akacheka mpaka bega likatikisika.

"Wengi wamejisifu mbele yangu," alisema. "Mmoja aliua chui, mwingine aliua simba, na hapa chui wenyewe hatuwajui tangu niko mdogo. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu ninachokiamini. Kijana, binti nimekupa."

Vigeligeli! Lakini mzee alinyanyua mkono.

"Subirini. Nimempa kwa sharti, na nataka mlisikie wote, wa huku na wa kule. Nyumbani kwangu leo maigizo yamekwisha. Atakayeimba aimbe kwa koo lake. Atakayehutubia ahutubie kwa ulimi wake. Nikisikia tena sauti ambayo mwenyewe hayupo nyuma yake, sherehe hii naivunja. Binti atarudi ndani, ninyi mtarudi Nyakatuntu, na tutaonana kahawa ikishavunwa. Nimeapa."

"Tumekubali!" walijibu watu wa Nyakatuntu, Jovitus akiwa wa kwanza kwa sauti kubwa.

Mzee akafungua mikono, akamkumbatia Dastan. Kijana alisikia harufu ya tumbaku na sabuni ya mche, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua mpaka chini ya tumbo. Juu ya bega la baba mkwe alimwona Aine, jicho moja la dhahabu, jicho moja la kawaida, anatafuna kahawa aliyopewa na bibi yake na kumchekea meno yote nje. Dastan akajiambia kwamba sasa hakuna tena kitakachoharibika.

Upande wa pili wa uwanja, chini ya turubai, alikuwa amekaa DJ Mbonimpa.

Ni kijana mwaminifu sana, Mbonimpa. Alikuwa na visikilizio vikubwa masikioni tangu mzee alipoikataa mashine yake, anasikiliza muziki wake mwenyewe polepole, macho hayabanduki kwa mwenye nyumba. Hotuba ya mzee hakuisikia. Kiapo hakukisikia. Lakini asubuhi alikuwa amepewa maagizo na mwenyekiti wa kamati, nayo aliyashika kama amri za Mungu: "Ukiona kaka amemkumbatia bwana harusi, usingoje kuambiwa. Bonyeza namba mbili."

Aliona kaka amemkumbatia bwana harusi.

Akabonyeza.

"Uuuuwiiii! Baba yanguuuu! Mamaaaa!"

Kilio kilitoka kwenye spika nne kwa mpigo, kuku wakaruka. Mzee Rwegasira alishtuka akamwachia Dastan.

"Baba yangu, nani atakuchotea maji? Mama yangu, naondoka, nani atakuchomea ndizi? Uuuwi, nyumba ya baba yangu, kwaheri!"

Ni kilio cha binti anayeaga. Binti wa hapa hatoki kwa baba yake macho makavu. Asiyelia huambiwa alikuwa na haraka ya kuondoka, na maneno hayo humfuata mpaka uzeeni. Ni lazima alie, tena alie vizuri, wageni waguswe. Ila machozi ya kweli hufanya nini kwenye rangi ya dhahabu na kope za kubandika, mbele ya kamera tatu? Mtu alikuwa ameliwazia jambo hilo mapema. Binti angesimama kafunikwa khanga, anatikisa mabega, uso mkavu, na kilio kingekuja chenyewe.

Sasa binti hakuwa amefunikwa na kitu. Alikuwa amesimama mchana kweupe, mbele ya watu wote, kahawa mdomoni, ametoa macho. Macho yote mawili yalikuwa makavu.

"Uuuuwi! Nalia mimi mtoto wenu!" ziliendelea spika.

Dastan aliona Aine anafunga mdomo taratibu. Akaona Mbonimpa anatikisa kichwa kwa kuridhika na kazi nzuri. Akaona Jovitus anaokota kofia yake, kama mtu anayejua njia ya kwenda kwenye gari. Mkono wa Mzee Rwegasira, ule uliokuwa mgongoni kwake sasa hivi, ulikuwa umeshuka, unapapasa kwenye nyasi, unaitafuta fimbo.

Akaipata.

Lakini mzee hakumgeukia binti yake. Alisimama ameinamisha sikio, anasikiliza kile kilio kwa makini. Alikuwa amekisikia miaka mingi iliyopita, uwanja huu huu, siku dada yake mwenyewe alipoolewa.

Akageuka polepole kuelekea kwenye kiti cha mwenyekiti wa kamati. Shangazi Evangelina alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, midomo imebanwa, haangalii kulia wala kushoto.

"Evangelina dada yangu," alisema Mzee Rwegasira. "Mdomo wako naona umeufunga. Mbona unalia?"